Mlimani, Oktoba 1966

Nilitoka Mombasa kwenda Dar es Salaam kusomea sheria, kwa sababu kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa huko Mlimani, na ndiyo maana mgogoro wa mwaka 1966 ulinikuta nikiwa mgeni katika ugomvi wa wenyewe.

Serikali ya Tanzania ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote wapitie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi kadhaa kambini, kisha miezi 18 ya kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Hiyo asilimia 40 ndiyo iliyozungumzwa bwenini usiku kucha. Wenzangu Watanzania waliuliza, na nadhani kwa haki, kwa nini wao wajinyime ilhali mishahara ya mawaziri haikuguswa.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba walivaa majoho yao ya chuo wakaandamana hadi Ikulu. Niliyekaa naye chumba kimoja, kijana wa Songea, alinikataza kufuatana naye. “Wewe baki, bwana,” alisema. “Haya ni ya kwetu.” Nilibaki, na yaliyotokea niliyapata jioni ileile kutoka kwa waliokuwapo, kila mmoja akiyasimulia kwa namna yake. Risala yao ilitamka kuwa miili yao ingekwenda kambini lakini roho zao zingebaki nje. Na bango moja lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Kulibeba bango kama hilo mbele ya Mwalimu Nyerere, miaka mitano tu baada ya Uhuru, kulikuwa ni kuitupa hoja yote ya mishahara baharini. Nyerere alijibu kwamba hatamchukua mtu ambaye roho yake haimo, akawaamuru warudi makwao, na katika hotuba hiyohiyo ya hasira akatangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Kwa maneno mengine, aliwafukuza huku akiikubali nusu ya hoja yao, jambo ambalo hadi leo sijaona likipewa uzito unaostahili.

Waliofukuzwa, pamoja na wa vyuo vingine, walikaribia 400. Walifungasha vitu vyao chini ya macho ya polisi, wakasafirishwa hadi kwao. Mwenzangu aliniachia pasi ya mkaa, akinionya nisimwazime mtu.

Sisi wa Kenya na Uganda tuliendelea na masomo katika madarasa yaliyobaki nusu tupu. Wakati huo mhadhiri wetu alikuwa akitufundisha kanuni kwamba mtu asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa, akitaja kesi za Uingereza moja baada ya nyingine, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza kuhusu viti vilivyokuwa wazi kando yetu.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowabana viongozi wenyewe, na baadaye mwaka huo wengi wa waliofukuzwa wakaruhusiwa kurejea. Mwenzangu alirudi amekonda, akiwa sasa darasa moja nyuma yangu. Alilisifu Azimio kwa dhati, akakiri kwamba lile bango lilikuwa upuuzi, lakini kuhusu asilimia 40 hakurudi nyuma hata hatua moja. Tulibishana juu yake hadi nilipohitimu, mimi nikiitetea Serikali iliyomfukuza yeye.