Nilivyojifunza kupiga runi: vijiti 16, kisu na shairi moja

Runi ni herufi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini, na kuzipiga ni kuzitumia kuuliza mambo yaliyofichika. Watu wengi wakizisikia wanafikiria vile vijiwe 24 vya kwenye kimfuko vinavyouzwa mtandaoni pamoja na kitabu chake kidogo, kila kijiwe na maana zake tatu nne, fehu pesa, isa subiri, jera mavuno, unachomoa kimoja asubuhi unasoma unaenda zako kazini. Na mimi nilianzia humo humo maana ndo kitu cha kwanza unachokutana nacho. Ila kilichonifanya nijue kweli kupiga runi ni kubaki na runi 16 tu, kuchonga za kwangu mwenyewe, na kukariri shairi moja la zamani la Kinorwei mpaka likaniganda kichwani.

Naishi Bergen, Norwei, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Bergen kama hujafika ni mji wa mvua, mvua haswa, kwa hiyo siku ya ofu unatafuta mahali pakavu pa kupotezea muda. Mimi nikapata makumbusho ya Bryggen. Mwaka 1955 moto uliunguza sehemu ya yale majengo ya mbao ya zamani pale bandarini, wataalamu wakaingia kuchimba, wakakuta kwenye tope vijiti na mifupa iliyochongwa runi, maandishi kama 670 hivi, mengi ya wakati ambao hawa watu walishakuwa Wakristo kitambo. Sasa ukienda pale na mawazo ya uchawi uchawi unashangaa, maana vingi ni vibao vya kufungia kwenye mzigo, huu wa fulani, huu wa fulani. Kuna kimoja kimeandikwa Gyda anasema urudi nyumbani. Basi, hicho tu, nadhani bwana mkubwa alikuwa kilabuni. Kingine kinaomba busu, halafu aliyechonga akamalizia na herufi zote kwa mpangilio utadhani mtoto wa shule. Yaani zilikuwa meseji za watu wa kawaida, na mimi hilo lilinisaidia sana kuacha kuziogopa.

Lakini usiseme basi hakuna uchawi. Upo. Kuna kijiti cha pande nne cha karne ya 14, kimechongwa maneno ya kuapiza: nachonga runi za kuponya, nachonga runi za kuokoa, mara moja kwa vibwengo, mara mbili kwa mazimwi, mara tatu kwa majitu. Ukisoma unasema aah huyu anatibu mtu, kumbe ukiendelea anamtakia mwanamke asikae asilale mpaka ampende yeye. Limbwata hilo, tena la maandishi. Nilicheka mwenyewe mle ndani mpaka mlinzi akaniangalia.

Kwanini 16 na sio 24? Ile 24 ndo ya zamani zaidi, kuna jiwe la Kylver kule kisiwa cha Gotland, Uswidi, limeandikwa zote kwa mpangilio tangu kama mwaka 400 hivi. Shida ni kwamba majina yake, hayo mafehu na maisa, yameundwa upya na wanaisimu wa zama hizi kwa kulinganisha lugha, na watu wa wakati ule hawakutuachia shairi la kueleza kila runi ina maana gani. Waviking wenyewe, wale mabaharia wa kale wa huku, walitumia 16. Na hizo 16 zina mashairi mawili, moja la Norwei moja la Aislandi, kila runi na ubeti wake. Waingereza nao wana la kwao la beti 29, ila mswada wake uliungua London mwaka 1731, bahati nzuri ulishachapwa mwaka 1705. Mimi nikachukua la Norwei kwa sababu nishahangaika vya kutosha na lugha ya hawa watu, angalau jasho langu litumike mara mbili.

Na ile runi tupu isiyo na alama, ambayo kwenye vifurushi wanakwambia ndo runi ya majaaliwa, imeingizwa Marekani miaka ya 1980. Hata ile habari kwamba runi ikitoka kichwa chini maana inageuka, kwenye mashairi haipo. Anayetaka atumie, simzuii, ila mimi kijiwe tupu nilikitumia kuzuia mlango usijifunge.

Sasa shairi lenyewe. Kila ubeti una vipande viwili, cha kwanza kinaitaja runi, cha pili kinakuja na jambo ambalo mwanzoni unaona halihusiani kabisa. Fé, mali: mali huleta fitina kwa ndugu, mbwamwitu hulelewa porini. Íss, barafu: barafu twaiita daraja pana, kipofu sharti aongozwe. Nauðr, dhiki: dhiki huacha chaguo dogo, aliye uchi huganda kwenye baridi. Ni kama jina la kanga kabisa, maneno machache yamekaa hapo, anayehusika atajua mwenyewe. Kwa mtu aliyekulia Tanga akisoma migongo ya mama zake wakubwa na wadogo hii haikuwa ngeni hata kidogo, na ndo maana nasema ukikariri beti unakuwa na kitu cha kufikiria, wakati ukikariri "pesa, subiri, mavuno" ukishachomoa umeshamaliza. Nilikuwa nazisema kwenye basi kimoyomoyo, runi moja siku kadhaa, siendi nyingine mpaka hiyo nimeiona kwenye maisha. Dhiki niliiona haraka, januari ya huku mshahara unaisha na baridi ndo kwanza inaanza.

Kuchonga nako kunafundisha. Mrumi mmoja, Tacitus, mwaka 98 aliandika jinsi Wajerumani wa kale walivyopiga kura zao: wanakata tawi la mti unaozaa, wanalipasua vipande, wanaweka alama, wanavimwaga ovyo kwenye nguo nyeupe, halafu kuhani, au baba wa nyumba kama jambo ni la kifamilia, anaomba huku anaangalia juu mbinguni, anaokota vitatu kimoja kimoja, anafasiri. Hakusema alama zile ni runi, na maandishi ya runi yasiyo na ubishi tunayoyajua ni ya baadaye kidogo, kama kile kitana cha Vimose, Denmark, cha kama mwaka 160. Lakini kwa kupiga bao hiyo ndo habari kamili kuliko zote, hakuna nyingine inayotupa hatua kwa hatua hivyo. Nikaifuata. Kwao mfanyakazi mwenzangu ni Hardanger, kwenye mashamba ya matofaa, walipopogoa miti akaniletea matawi kwenye mfuko wa rambo bila kuuliza ya nini (Wanorwei hawaulizi, ni raha na ni upweke pia). Nikavipasua, nikalainisha upande mmoja kwa msasa, nikachonga kwa kisu kidogo. Na hapo mkono unakuelewesha kwanini runi hazina mistari ya kulala: ukichonga kufuata nyuzi za mti mstari unapotea au kijiti kinapasuka, kwa hiyo ni wima na mshazari tu. Rangi nikapaka hina. Wenyewe kwenye hadithi zao wanapaka damu, mimi damu yangu nina kazi nayo.

Kupiga kwenyewe ni hivyo hivyo kwa Tacitus, shuka jeupe, vitatu, kimoja kimoja. Kuna sheria mbili kwenye maelezo yake ambazo watu wanaziruka na kwangu ndo zimebeba kila kitu. Kwanza, kura ikikataa hurudii kuuliza jambo hilo siku hiyo. Pili, hata ikikubali bado unatafuta uthibitisho kwa njia nyingine, wao walikuwa wanaangalia ndege na farasi, mimi natafuta karatasi na mtu wa kumuuliza.

Mfano. Mdogo wangu alitaka tushirikiane kununua kiwanja Pongwe, mimi nitume hela yeye asimamie. Sikuuliza "ninunue au nisinunue", nishajifunza kwamba swali la ndio au hapana runi hazilijibu vizuri, nikauliza ni nini sikioni kwenye hili jambo. Ikatoka fé, ikafuata íss, ya mwisho reið, safari. Fé haikuhitaji fundi, mali na fitina za ndugu, nani asiyejua. Íss ikanikaa vibaya: daraja ni pana linavutia kupita ila kipofu aongozwe, na kipofu wa hii biashara ni mimi niliyeko huku naongozwa kwa simu. Nikataka kuishia hapo nianze kumshuku dogo. Lakini ubeti wa reið unasema kupanda farasi, wanasema, humwelemea farasi zaidi. Nikakaa nao huo karibu usiku mzima. Farasi ni nani? Sio mimi. Ni yeye anayeenda na kurudi ardhi, serikali ya mtaa, kwa mwenye kiwanja, kwa nauli yake. Asubuhi nikamtumia hela ya usumbufu kwanza, ndo nikamwambia nataka majina yote mawili kwenye hati. Alinuna kidogo, halafu akafunguka kwamba alishataka kujitoa kwa uchovu. Hati ina majina mawili sasa. Kama runi zilijua au ni mimi niliyelazimika kutulia na kufikiria, mtajaza wenyewe, mimi nimetumia.

Upande wa kuchonga kwa ajili ya kutaka jambo litokee, yaani uchawi wenyewe, huko natembea polepole. Kuna ile hadithi ya Aislandi ya Egil, alifika nyumba moja akakuta binti mgonjwa hoi, kuangalia kitandani kuna mfupa wa nyangumi umechongwa runi, kijana mmoja alitaka kumpata huyo binti akachonga asichokijua akamuuguza. Egil akazikwangua, akauchoma mfupa, akachonga zake akaziweka chini ya mto, na akasema asiyejua kusoma runi asichonge. Sheria zangu zimetoka hapo: sichongi nisichoweza kukisoma kwa sauti na kukieleza, sichongi kwa ajili ya mtu mwingine hata akiomba, na jambo likiisha nakwangua na kuchoma. Kabla ya mtihani wa Kinorwei nilichonga óss, mdomo wa mto, ambao shairi linasema ndo njia ya safari nyingi, nikaweka mfukoni mwa koti. Nilifaulu. Nilisoma pia, tena sana. Kuchoma nilichomea kwenye lile jiko la mkaa la kutumia mara moja wanalouza madukani, bustanini, pamoja na soseji, maana fleti yangu haina meko.

Kitu kingine ambacho ukiwa mweusi huku lazima ukijue mapema: usivae runi hovyo. Manazi walizichukua, ile sól, runi ya jua, mara mbili ndo ilikuwa nembo ya kikosi chao cha SS, na hao wanazi wa siku hizi wa Skandinavia wana bendera yenye runi ya Týr. Nilipoona ile bendera kwenye picha ya maandamano niliikalia runi yangu muda mrefu nisitake hata kuichonga. Mwishowe nikaichonga kwa sababu ya shairi: Týr ni mungu wa mkono mmoja, na mhunzi hupuliza sana moto. Mkono aliupoteza kwa kuuweka mdomoni mwa mbwamwitu Fenrir kama dhamana wenzake wapate kumfunga. Hao wenye bendera wangejua kwamba mungu wao ni mlemavu na mshirika wake kwenye shairi ni fundi anayetoka jasho sijui wangefanyaje. Lakini shingoni sivai, inakaa kwenye mfuko na wenzake.

Nyumbani habari zilifika, kama kawaida, kabla sijazipeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unapiga ramli huko."

"Sio ramli mama, ni runi, za watu wa huku."

"Na hizo runi unauliza mambo yaliyofichika?"

"Ndio."

"Basi ni ramli."

Sikubisha, na kusema kweli hana kosa, hata ramli yetu iliyokuja na Waarabu ina maumbo 16, ni sadfa tu lakini ukiwa unaongea na mama yako haikusaidii. Aliniombea dua, nikaitikia amina, tukahamia kwenye bei ya mchele.

Ila kuna mambo sipigii. Ugonjwa sipigii, naona kila siku kazini ugonjwa unavyotaka daktari. Na kubwa zaidi sipigii kutafuta nani kaiba wala nani kaloga, kwa sababu kwetu tunajua ramli ya hivyo inavyoishia, bibi kizee anachomewa nyumba kwa kidole cha mtu aliyelipwa kuku wawili. Juzi binamu yangu kaibiwa simu akanipigia kwa simu ya jirani, nimwangalizie. Nikamwambia aende polisi na namba ya IMEI. Akanyamaza, halafu akasema, "sasa dada hizo runi zako kazi yake nini?" akakata.