Siku moja maishani mwangu: mashali wa gofu, makundi 36 na shimo la 7

Saa 11:15 alfajiri

Simu haijalia bado, lakini nimeshaamka. Siku za gofu ya hisani huwa naiwahi. Orodha ya mwisho niliipata juzi usiku: makundi 36, watu wanne kila kundi, jumla watu 144. Wiki tatu zilizopita orodha hiyohiyo ilikuwa na makundi 26, na nikajidanganya kwamba mwaka huu tutapumua. Kumbe kila mdhamini aliyepiga simu dakika za mwisho aliambiwa "njoo tu, nafasi ipo."

Kwa asiyenijua, mimi ni mashali. Kazi yangu ni kuzunguka uwanjani na kigari nikihakikisha mchezo unatembea. Kwa lugha ya wachezaji, mimi ndiye yule dada anayekuja kutusumbua.

Saa 12:00

Nimemkuta fundi wa nyasi akihamisha bendera. Ana chuma chake cha kutobolea, na kila grini, yaani lile eneo la nyasi laini lenye bendera, anaacha tundu jipya lenye upana wa milimita 108, hata milimita moja haizidi. Siku kama ya leo huwa namwomba aweke matundu katikati ya grini, pale palipo tambarare. Si kwamba nawahurumia wageni. Mpira ukiteleza kwenye mteremko ukalipita tundu kwa mita tatu, mtu anaanza upya kuchuchumaa, kupima kwa jicho na kuomba ushauri. Zidisha kwa watu 144.

Amenikubalia mashimo 17 kati ya 18 ya uwanja. La 7 limemshinda. Pale kuna gari la zawadi kwa atakayeutumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja, na zawadi yenyewe imekatiwa bima. Mkataba wa bima unataja umbali ambao tii, pale mpira unapopigiwa mara ya kwanza, haiwezi kusogezwa mbele yake. Kwa hiyo tii imerudishwa nyuma kabisa, na bendera, kwa matakwa ya mwenye gari, imejificha nyuma ya mtego wa mchanga. Fundi akanitazama. Nikamtazama. "Haya," akasema, akakanyaga chuma chake.

Saa 1:10

Vigari 72 vimepangwa mbele ya jengo kwa namba za mashimo. Watu wanapiga picha. Wengine fimbo walizobeba zina karatasi ya dukani bado.

Nimemtafuta mama mwenyekiti wa kamati, nikamvuta pembeni. "Mama, 36 ni wengi."

"Mwanangu, najua," akanijibu, bila kukasirika hata kidogo. "Lakini kila kundi ni kitanda kimoja cha wodi ya watoto. Niambie ni kitanda kipi nikiondoe."

Hapo utajibu nini? Nilienda kujaza maji kwenye chupa yangu.

Saa 2:00 kamili

King'ora kimelia na wote wameanza kwa mpigo mmoja, kila shimo na makundi yake mawili, A na B. Faida ya kuanza hivi ni kwamba wote wanamaliza karibu wakati mmoja na kuingia ukumbini pamoja. Karibu wakati mmoja haina maana ya mapema.

Naomba mnivumilie kwenye hesabu kidogo, maana siku yangu yote imo humu. Uwanja wetu una mashimo manne ya pa 3, kumi ya pa 4 na manne ya pa 5; pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia kwenye shimo. Shimo la pa 5 ni refu, linabeba makundi matatu kwa wakati mmoja: moja kwenye grini, moja katikati, moja likipiga kutoka tii. La pa 4 linabeba mawili. La pa 3 linabeba moja tu, kwa sababu huwezi kupiga wakati kuna watu wamesimama kwenye grini unayoilenga. Jumlisha: 12, na 20, na 4. Unapata 36.

Maana yake uwanja umejaa hadi kingoni kabla mpira wa kwanza haujaruka. Hakuna nafasi hata ya mtu kufunga kamba ya kiatu. Na kwa kuwa tumepanga mawili kila shimo, kwenye kila pa 3 kuna kundi la B lililoanza siku yake kwa kukaa na kungoja.

Sasa hili la 7. Kundi likifika tii wanne wote wapige, waende grini, wamalize, waondoke, ni dakika 10 kama hakuna mbwembwe. Makundi 36 yote lazima yapite hapo, moja baada ya jingine. Dakika 360. Saa 6. Hata wangekuwa mabingwa wa dunia kwenye yale mashimo mengine 17, wangefika la 7 wakakaa. Ratiba iliyochapishwa inasema chakula ni saa 7 mchana, yaani saa 5 baada ya king'ora. Aliyeichapa hakuniuliza.

Saa 3:20

Shimo la 12. Baba mmoja kazama kwenye nyasi ndefu hadi magotini, anatafuta mpira. Wenzake watatu wamesimama kwenye nyasi fupi, na mmoja wao ana mpira mzuri ajabu, katikati kabisa.

Leo wanacheza skrambo: wote wanne wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, kisha wote wanapiga tena kutoka hapo. Mpira wa baba huyu hauna kazi tena. Hata kama ungekuwa na kazi, tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 tena kama zamani. Nilikuwa nimeangalia saa yangu. Alikuwa kwenye ya sita.

"Mzee wangu, wenzako wanakusubiri."

"Dada, ni mpya ule. Ndiyo kwanza nimeutoa kwenye boksi."

Nikampa mmoja kutoka kwenye kikapu changu. Huwa natembea na mipira kama ishirini niliyookota, na naapa inaokoa muda kuliko kanuni yoyote. Akaugeuza akautazama, akaona alama ya kalamu ya mwenyewe wa zamani, akaupokea kwa shingo upande.

Saa 4:30

La 7. Hapa ndipo nimetumia sehemu kubwa ya siku yangu, basi niwaeleze vizuri.

Makundi matano yapo kwenye foleni. Watu 20, vigari 10, vingine vimeegeshwa kwenye njia ya wanaotoka la 6. Watu wamelala chali kwenye nyasi. Kuna mtu kavua viatu. Shahidi wa bima, kijana mpole, yuko chini ya mwavuli karibu na grini akihakikisha hakuna atakayedai gari kwa uongo.

Kwenye tii, jamaa mmoja anachungulia kwenye darubini ya kupimia umbali. Anapima hadi bendera. Anapima hadi mchanga. Anabadilisha fimbo. Anarusha majani kidogo kuona upepo. Kanuni inashauri mkwaju usizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike bila kizuizi. Huyu alikuwa amezitumia zote na bado yuko na majani. Hatimaye akapiga. Mpira ukabiringika mita 20 ukasimama. Kimya. Kisha akatoa tiketi mfukoni: alinunua nafasi ya kurudia. Kamati inaziuza, mbili kwa kila mtu. Sasa fikiria, mchezo umeshajaa hadi kingoni, halafu unawauzia watu haki ya kupiga tena.

Meza ya bahati nasibu nayo ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa tii. Mabinti wawili wa kujitolea, wenye tabasamu na kitabu cha risiti. Zamu ya kundi ikifika ndipo wanawafuata, ndipo watu wanaanza kutafuta pochi kwenye mikoba. Niliwaomba wahamie nyuma mita 30, kwenye mkia wa foleni. Walisita, wakidhani nawafukuza. "Hapana wadogo zangu, wauzieni wale waliolala. Wale hawana kazi." Nusu saa baadaye mmoja akaniambia wameuza zaidi ya asubuhi yote.

Ubao wa shindano la aliyekaribia bendera ndio ulionishinda kwa muda. Mtu anafurahi mpira wake umekaa karibu, anapima kwa hatua, anabishana na wenzake, anainama kuandika jina, kalamu haiandiki. Anaitikisa. Anaichana karatasi. Niliwapa kalamu yangu.

Halafu nikaanza kuwapisha: kundi likifika grini linaweka alama kwenye mipira yake, linasogea pembeni, lililoko tii linapiga, ndipo la kwanza linamalizia huku la pili likitembea kuja. Ni kazi ya kupungia mkono tu, lakini inapunguza kama dakika mbili kwa kundi. Tatizo ni kwamba lazima mtu asimame hapo, na mimi ni mmoja na pa 3 ziko nne.

Saa 6:05

"Dada, nani anatuchelewesha huko mbele?"

Nimeulizwa swali hili mara 11 leo, nimehesabu. Waliopo la 5 wanawalaumu wa la 6, wa la 6 wanawalaumu wa la 7, na ukiendelea kuzunguka utarudi kwa walewale wa la 5. Siku ya kawaida namtambua anayejivuta kwa pengo lililopo mbele yake: shimo zima tupu, na nyuma yake watu wamejazana. Leo hakuna pengo popote. Kila kundi liko mbele ya kundi jingine. Kanuni inaruhusu adhabu ya mkwaju mmoja kwa anayechelewesha mchezo bila sababu, kisha kubwa zaidi, kisha kuondolewa mashindanoni. Nimpe nani?

Wapo wanaojivuta kweli, sikatai. Kundi moja linasubiri wote wanne wafike kwa kila mpira, wanasimama duara kama wanaosuluhisha ndoa, ndipo wanachagua. Niliwaambia: mmoja aliye karibu aangalie, anyooshe mkono, wengine waende moja kwa moja. Na mmoja akishautumbukiza mpira, jamani, basi, okoteni, hakuna haja ya wengine watatu kuhakikisha kwamba tundu lipo. Mzee mmoja akanijibu, "Tumelipa sisi, hatukimbizwi." Hata waliokuwa nyuma yake wamelipa, lakini hilo sikumwambia. Nilitabasamu, nikaenda.

Saa 7:15

Ukumbi mtupu. Wapishi wamesimama mlangoni na vitambaa mikononi, wananitazama mimi kana kwamba chakula kinapoa kwa kosa langu.

Vigari vimeanza kuishiwa chaji. Kimoja kimezimika kwenye mlima wa la 15, kingine kinatambaa. Na kadi za alama zimeanza kurudi kabla ya wakati: kundi moja limechoka likaondoka baada ya mashimo 14, na kadi yao ina alama za mashimo 18, nzuri kupita kiasi. Niliipeleka mezani bila neno.

Saa 8:25

Kundi la mwisho limetoka. Saa 6 na dakika 25. Gari la zawadi halijapata mwenyewe. Kijana wa bima amekunja mwavuli wake, ndiye mtu pekee niliyemwona akiwa na furaha tele.

Saa 9:40

Hotuba. Jumla ya michango imetangazwa, ukumbi umelipuka kwa makofi. Nimepiga makofi na mimi, tena kwa nguvu, kwa sababu wodi ile naijua. Nusu ya viti vilikuwa vitupu lakini. Waliochoka walienda zao kabla ya mnada, na mnada ndipo fedha kubwa hutarajiwa.

Mama mwenyekiti alinijia akiwa ameshika viatu mkononi. "Mwakani tufike 40."

Nikageuza kadi ya alama, nikamwandikia nyuma yake. Makundi 18 asubuhi, moja kila shimo. Makundi 18 mchana, hivyohivyo. Jumla 36, vitanda vilevile. Na kundi linalocheza bila foleni linaweza kumaliza kwa saa nne na nusu. Yeye akanionyesha matundu ya mpango wangu papo hapo: milo miwili, wa kujitolea kutwa nzima, wadhamini wanataka picha ya watu wote pamoja, na la mchana likichelewa giza litaingia. Kweli tupu. Lakini kadi hakunirudishia, aliikunja akaiweka kwenye mkoba.

Saa 11:30 jioni

Nimezunguka mara ya mwisho na fundi wa nyasi. Katika skrambo wanne wanapiga kutoka mahali pamoja, kwa hiyo nyasi haiumii huku na kule, inaumia pamoja. Kwenye la 3 tulikuta makovu manne yamepangana kama alama za kucha, hatua moja pembeni manne mengine, kisha manne mengine. Fundi alichuchumaa akaingiza kidole kwenye moja, kikazama hadi kiungo cha pili.

"Ndoo ngapi za mchanga?" nikamuuliza.

Hakujibu. Ameniambia nifike kesho saa 12, nije na glavu.