Miswada Iliyorudi Kigoma

Ninaishi Mwanga, mjini Kigoma, na kazi inayonipa riziki ni ukarani wa hesabu kwa wafanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Uandishi wa hadithi ni kazi yangu ya pili, na kwa miaka mingi haikuniletea chochote isipokuwa barua za kukataliwa na, mara nyingi zaidi, kimya. Wanaoniuliza nilipata wapi moyo wa kuendelea huvunjika moyo kidogo wakisikia jibu langu, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa pekee. Nilikuwa tu na mazoea ya karani ya kutaka kujua kila hasara imetokana na nini.

Kila muswada uliporudi nilijiuliza kwanza ni kitu gani hasa kilichokataliwa. Barua nyingi hazikugusa uandishi wangu hata kidogo. Zilisema tu kwamba hadithi fupi za watu wazima hazina soko. Nilipofuatilia nikaelewa. Mnunuzi mkubwa wa vitabu nchini ni shule, na tangu Taasisi ya Elimu Tanzania ilipokabidhiwa kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wamebaki wakigombania vitabu vya ziada na vya watoto. Barua ya namna hiyo haikustahili kuninyima usingizi, maana hata ningeandika vizuri maradufu, jibu lingekuwa lile lile. Niliweka hadithi zile kabatini nikaanza kuandika hadithi ya watoto kuhusu kijana wa mwaloni. Rafiki zangu waliona nimesalimu amri. Mimi niliona nimepeleka bidhaa kwenye gulio lake.

Barua iliyonifaa kuliko zote ilitoka kwa mhariri aliyeikataa hadithi hiyo, lakini akajaza pambizo kwa kalamu ya risasi. Mahali pamoja aliandika: “Wavuvi wako wote wanazungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari.” Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikaanza kwenda na kurasa zangu mwaloni na kuwasomea kwa sauti wanawake wanaoanika dagaa, kila walipokuwa na nafasi. Nilipofika kwenye sura ambayo mvua inawakuta watu dagaa wakiwa juani, na mhusika mmoja anawahimiza wenzake kwa sentensi tatu zilizonyooka, mama mmoja mtu mzima alinikatiza.

“Mwanangu, mvua ikija nani ana muda wa kusema yote hayo? Tunapiga kelele ‘Turubai! Turubai!’ basi, kila mtu anakimbilia chanja yake.”

Nilifuta aya nzima, nikabakiza neno hilo likitamkwa mara mbili. Hakuna mafunzo ya uandishi yaliyonisaidia zaidi ya alasiri ile, ingawa mama yule alirudi kugeuza dagaa wake bila kuuliza hadithi inaishaje.

Hata hivyo, si kila neno la mhariri nililitii. Huyo huyo alipendekeza kwamba uvuvi wa usiku ufanyike chini ya mbalamwezi ili mandhari ipendeze. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa taa; mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika hadi upungue. Sikuibadilisha sehemu hiyo. Najua majira hayo vizuri kwa kuwa ndiyo ninayoandikia: mzigo ukipungua mwaloni, nami hesabu hunipungukia.

Kuna mchapishaji mmoja aliyenikubalia haraka, kwa sharti kwamba nilipie gharama zote za uchapaji. Sioni ubaya wa mtu kujichapishia akiwa na fedha na njia ya kuuza, lakini kugharimia kila kitu huku nikimwachia mwingine haki zangu niliona si kukubaliwa, ni kuuziwa. Nilimshukuru, nikakataa. Safari hii mkataaji nilikuwa mimi.

Niliwahi pia kupeleka kazi kwenye Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Sikufika popote, ila tarehe ya mwisho ya kupokea miswada ilinilazimisha kumaliza kitu nilichokuwa nakizungusha. Na nilipochoka nilimkumbuka Shaaban Robert, karani mwenzangu wa idara ya forodha, aliyefariki mwaka 1962 huku baadhi ya vitabu vyake vikiwa bado havijachapishwa.

Hadithi ya kijana wa mwaloni ilikubaliwa hatimaye na mchapishaji ambaye sikuwa nimemfikiria mwanzoni. Mkataba ulitaja mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10, nami kabla ya kutia saini niliuliza kama ni asilimia 10 ya bei ya jalada au ya fedha anazopokea mchapishaji baada ya kumpunguzia muuzaji, kwa kuwa tofauti yake si ndogo. Jibu lilikuwa la pili. Tulijadiliana, likaandikwa la kwanza. Zile hadithi za watu wazima bado zimo kabatini, isipokuwa mbili ambazo nimeziunganisha ziwe mwanzo wa riwaya, na sura ya nne ndiyo inayonisumbua sasa.