Sebule ya futi 10 kwa 12 na picha ya inchi 80

"Mama, hii inafika inchi 200," muuzaji aliniambia huku analigonga boksi la projekta kwa kidole. Nilikuwa Kariakoo, nimeshuka kununua zipu na vifungo, na ndani ya pochi nilikuwa na pesa niliyoiweka kwenye kibubu tangu Ramadhani. Boksi limeandikwa lumeni 9000, yaani kipimo cha mwanga wake. Nikanunua.

Sababu yangu ilikuwa moja tu. Wanangu wawili wa kiume kila penye mechi wanaishia banda umiza, wanarudi saa sita usiku, na mimi silali mpaka nisikie mlio wa geti. Nilitaka waangalie mpira nyumbani, na wenzao waje kama wanataka.

Usiku wa kwanza tuliisogeza projekta nyuma mpaka ikagota ukuta. Picha ilikuwa kubwa kweli, lakini imepauka kama khanga iliyoanikwa juani mwezi mzima. Nyasi za uwanja zilikuwa kijivu. Mdogo akaniambia taratibu, "Mama, mpira siuoni." Jioni iliyofuata wakarudi bandani.

Mimi ni fundi cherehani. Gauni la mteja sikati kabla sijapima, na chumba nacho kinataka hivyohivyo. Nikachukua futikamba. Sebule yetu hapa Tabata ina upana wa futi 10, kama mita 3.05, na urefu wa futi 12, yaani mita 3.66. Picha ya inchi 200 ina upana wa karibu mita 4.4, kwa hiyo ukuta wangu hauna hata pa kuiweka. Ile inchi tunayotajiwa dukani ni ya kona kwa kona. Kwa picha pana za siku hizi, zidisha inchi hizo kwa 0.87 upate upana, na kwa 0.49 upate kimo. Inchi 80 ni sentimita 177 kwa 100. Inchi 100 ni 221 kwa 125. Inchi 120 ni 266 kwa 149.

Halafu kuna umbali. Kila projekta ina namba yake ya kurusha picha: umbali kutoka lenzi hadi ukutani, ugawe kwa upana wa picha. Yangu ya sasa, ile ya pili niliyonunua, ni 1.4. Kwa inchi 80 inataka mita 2.5. Kwa inchi 100 inataka mita 3.1. Kwa inchi 120 inataka mita 3.7, na chumba changu hakifiki hapo hata nikiibandika projekta kwenye ukuta wa nyuma. Zipo zinazorusha kwa karibu sana, unaiweka chini ya ukuta wenyewe na picha inapanda juu. Kwa chumba kidogo hakuna nzuri kama hizo, ila bei yake sikuiweza.

Nikapima na kochi. Macho ya aliyekaa yako mita 2.9 kutoka ukutani. Kukaa umbali wa kati ya mara 1.2 na 1.6 ya ile kona kwa kona ndiko kunakostarehesha macho. Inchi 80 inaangukia katikati. Inchi 100 ingekuwa karibu mno, ungegeuza shingo kumfuata winga. Nikaamua 80, na vijana walipolalamika kwamba ni ndogo nikawachorea ukutani kwa selotepu. Wakanyamaza.

Sasa mwanga, ambao ndio ulioniumiza. Lumeni za kwenye maboksi hazipimwi kwa njia moja. Zenye neno ANSI, jina la taasisi ya viwango ya Marekani, hupimwa kwenye picha yenyewe, sehemu tisa, kisha unachukuliwa wastani. Boksi langu la kwanza halikuwa na neno hilo popote. Na mwanga ni kama rangi ya kutilia nguo: paketi moja ukiitumbukizia mita mbili za kitambaa inakolea, ukiitumbukizia mita nne na nusu inafifia. Ndiyo tofauti ya eneo kati ya inchi 80 na inchi 120. Kwa inchi 80 gizani, lumeni 300 za ANSI zinakaribia mwanga wa ukumbi wa sinema. Nilitafuta yenye 500, na yenye pikseli (vinukta vya picha) 1920 kwa 1080 za asili, zile inazozionyesha yenyewe. Wakikuambia "inakubali 4K", yaani picha yenye pikseli mara nne ya hizo, maana yake inaipokea tu. Uliza pikseli za asili. Mechi ya saa kumi jioni bado inataka mapazia mazito.

Pangaboi lilitupa kazi. Nilidhani projekta itakaa juu ya kabati la nyuma, kumbe mwanga unapita kwenye mapanga, picha inapepesa mpaka kichwa kinauma. Kuizima feni Dar mwezi wa pili haiwezekani. Nikaiweka kwenye stuli kati ya makochi mawili, lenzi usawa wa ukingo wa chini wa picha, kwa sababu ya kwangu inarusha kwenda juu. Usiiinamishe. Ukiielekeza juu, picha inakuwa kama sketi iliyogeuzwa, pindo juu na kiuno chini, na ukiinyoosha kwa kitufe cha menyu unapoteza pikseli ulizozilipia.

Skrini nimeshona mwenyewe, na hapa nina uhakika na kila ninachosema. Msitumie shuka. Shuka ni nyepesi, sehemu ya mwanga inapita inaenda ukutani nyuma, na mikunjo yote inaonekana. Nilinunua kitambaa kizito cheupe cha kuzuia mwanga, kile cha nyuma ya mapazia, kisichong'aa, chenye upana wa inchi 60. Ukikilaza, upana huo unakuwa kimo cha skrini na kinabaki cha kukunja, kwa hiyo hakuna mshono katikati. Mshono mmoja tu ukipita usoni mwa mchezaji utauona mechi nzima. Juu nikaacha pindo la kupitisha bomba la plastiki, chini pindo la kupitisha nondo nyembamba ili kinyooke. Pembeni kote nikazungushia mkanda mweusi wa sentimita tano. Ule weusi unameza mwanga unaomwagika, na picha inaonekana imekatwa kwa mkasi. Kipigwe pasi kabla ya kutundikwa, moto mdogo.

Mechi ya kwanza walikuja vijana saba. Watatu kochini, wengine mkekani, vichwa vyao chini ya mwanga wa stuli. Nyasi zilikuwa kijani. Niliketi pembeni nikishona vifungo vya shati la mteja, na kipindi cha pili sikukiona. Nililala palepale kwenye kiti, geti limefungwa tangu saa mbili.