"Kwa jina": neno letu moja, maneno matatu ya Kigiriki

Ubishi kuhusu maneno ya kutamkwa wakati wa kubatiza huanza hivi: mmoja anafungua Mathayo 28:19, mwenzake Matendo 2:38, kila mmoja anasoma kwa sauti, basi. Huyu ana "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu". Yule ana "kwa jina lake Yesu Kristo".

Tuliangalie hilo "kwa". Biblia yetu ya Union Version imeandika "kwa jina" kote. Kigiriki hakikufanya hivyo. Matendo 2:38 ina epi, juu ya jina, kwa kulitegemea. Matendo 10:48 ina en, katika jina. Matendo 8:16 na 19:5 zina eis, kuingia katika jina, na ndiyo hiyohiyo ya Mathayo. Hata jina lenyewe Luka, mwandishi wa Matendo, analibadilisha: mara "Yesu Kristo", mara "Bwana Yesu". Kama hayo yangekuwa maneno ya kutamkwa juu ya maji, angeyashika yaleyale. Eis inakaribia sana tunavyosema shamba limeandikwa kwa jina la fulani: linahesabiwa kuwa lake. Ndiyo maana Paulo anawauliza Wakorintho, "mlibatizwa kwa jina la Paulo?" Swali lake ni la milki.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni Didake, mwongozo wa kanisa la mwanzoni kabisa. Sura ya 7 inaagiza Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, katika maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Baridi yakishindikana, ya moto. Yote yakipungua, mimina kichwani mara tatu. Anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla. Halafu sura ya 9 inawaita watu haohao "waliobatizwa kwa jina la Bwana". Waandishi hawakuona mgongano wowote.

Mgawanyiko tunaoujua leo, kati ya wanaobatiza kwa Utatu na wanaobatiza kwa jina la Yesu tu, ni wa juzi. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa Arroyo Seco karibu na Los Angeles, mhubiri wa Kipentekoste R. E. McAlister alihubiri kwamba mitume walibatiza kwa jina la Yesu. Mwaka 1914 wahubiri wenzake Frank Ewart na Glenn Cook wakabatizana upya kwa jina hilo. Mwaka 1916 Assemblies of God, kanisa la Kipentekoste, ikashikilia Utatu, na wahudumu zaidi ya 150 wakaondoka.

Upo pia ubishi wa pili, kama ubatizo ni lazima kwa wokovu, na humo pande zote mbili zina andiko la kuwasumbua. Anayesema hakuna Roho bila maji asome habari za Kornelio katika Matendo 10: Roho alishuka Petro angali anahubiri, maji yakafuata. Lakini anayesema ubatizo ni ishara tupu, kwamba Petro alimaanisha "kwa kuwa mmekwisha kusamehewa", alinganishe Matendo 2:38 na Mathayo 26:28. Kigiriki ni kilekile, eis aphesin hamartiōn, yaani kwa ondoleo la dhambi. Nani atathubutu kusema damu ya Yesu ilimwagika kwa kuwa dhambi zilikuwa zimekwisha kuondolewa? Naona tafsiri hiyo haisimami.

Na mchungaji anayepokea muumini kutoka kanisa jingine afanyeje? Mtaguso wa Arles, mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, ulishalijibu hilo kwa waliotoka kwenye uzushi: aulizwe imani aliyokiri. Ikionekana alibatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Asipoutaja Utatu, ndipo abatizwe.