Siku ya 19 hadi 23: chupa isiyo na mboji nayo imegeuka manjano

Siku ya 19. Nina marundo mawili ya mboji nyuma ya nyumba, hapa Umoja. La kwanza lina miezi minne, la pili wiki tatu, yote ni maganda ya viazi, mashina ya sukuma wiki na samadi ya kuku. Nataka kujua vijidudu vinachapa kazi wapi zaidi.

Kipimo changu ni fluoreseini daiasetati, kwa kifupi FDA. Ukiiyeyusha kwenye asetoni haina rangi, kwa sababu fluoreseini, ambayo ndiyo rangi yenyewe, imefungwa na vikundi viwili vya asetili. Vimeng'enya vya vijidudu viitwavyo esterasi vikivikata (vingine, lipasi na protiasi, navyo husaidia), fluoreseini inafunguka na maji yanang'aa manjano-kijani. Napenda sana kuitazama ikitokea.

Leo chupa zote mbili, moja ya kila rundo, zimekolea vizuri. Lakini ya tatu, yenye bafa (maji yanayozuia uasidi usibadilike) na FDA tu bila hata chembe ya mboji, nayo imekolea!

Siku ya 20. FDA hujivunja yenyewe majini, na pH ikipanda (yaani uasidi ukipungua) inavunjika upesi zaidi. Bafa yangu ya fosfeti ilitakiwa iwe 7.6. Nimesawazisha mita upya, ikasoma 8.4. Tena ile FDA ya asetoni ilikuwa mezani tangu Jumatatu. Nimeimwaga, na mpya inakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Siku ya 23. Baridi ya Julai imenilazimu kutumia beseni la maji ya moto na kipimajoto, niyashike kwenye nyuzi 30. Dakika 20, kisha asetoni ya kusimamisha vimeng'enya, kisha kuchuja. Dada mmoja wa maabara ya chuo amenisomea kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima ukolevu wa rangi, kwa mwanga wa nanomita 490 (namba kubwa ni rangi zaidi):

bila mboji 0.03
mboji iliyopikwa kwenye sufuria ya presha 0.05
rundo la zamani 0.22
rundo jipya 0.61

Ile iliyopikwa ni muhimu, maana vimeng'enya vyake vimekufa na kilichobaki ni ukahawia wa mboji yenyewe.

Nilitarajia la zamani lishinde, kwa weusi wake na harufu ya udongo ulionyeshewa. Kumbe jipya bado lina chakula tele, ndiyo maana linachemka. Hilo silipandii spinachi sasa, vijidudu vingeinyang'anya nitrojeni.

Jumamosi napima tena, na kila wiki mpaka 0.61 ishuke. Chupa isiyo na mboji ndiyo itakayosomwa kwanza.