Mchezaji wa raga akigeuka kocha

Mchezaji mstaafu akikabidhiwa timu huanza kwa kufundisha kwa mwili. Anaingia mwenyewe kwenye skramu, pale wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira, anaonyesha, anatoka, halafu anashangaa vijana hawajashika kitu. Alichokijua kwa misuli sasa lazima akiseme kwa maneno, kipande kwa kipande.

Chukua propu, yule wa pembeni kwenye safu ya mbele ya skramu: miguu upana wa mabega, magoti yamekunjwa kama nyuzi 120, mgongo umenyooka, mabega yasishuke chini ya nyonga. Skramu ikiporomoka, tazama kwanza mkono wa nje. Ukikuta ameshika mkono wa jezi ya mpinzani badala ya mgongo au ubavu, hapo ndipo anapomvuta chini. Wengi hulaumu uzito, kumbe ni vidole!

Anza mmoja kwa mmoja, kisha watatu, watano, ndipo wanane. Shingo zikichoka, simamisha zoezi. Majeraha hungoja hapo.

Waliocheza winga, mbali na skramu, wana shimo lao. Kwenye kikosi cha 23, angalau 6 wawe wa safu ya mbele. Husahau, mpaka propu wawili waumie na refa aamuru skramu zisizo na kusukumana.